Kenchi kwanza, vigae baadaye

Ndugu washauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi ya usharika mmoja hapa Tabora mjini, upande wa Ipuli. Jengo tunalosalia sasa lilijengwa kwa ajili ya watu 180. Siku hizi Jumapili tunapata watu wazima 420 hivi, mbali na watoto 130 wa shule ya Jumapili. Tuna ibada mbili, na bado wengine hukaa nje chini ya turubai.

Jengo jipya lina mita 15 kwa 24. Kuta zimesimama, mkanda wa zege wa juu ya kuta umemwagwa, na kenchi za mbao, yaani zile fremu za pembetatu za kubeba paa, zilipandishwa mwezi uliopita. Mabati ya geji 30 yamenunuliwa lakini hayajaezekwa. Ndani ni moramu iliyoshindiliwa, jamvi (sakafu ya zege) bado, milango na madirisha bado. Benki tuna shilingi milioni 38, na ahadi za waumini ni milioni 21 nyingine.

Baraza la wazee limepanga jengo liwekwe wakfu Jumapili ya kwanza ya Desemba, na wageni wameanza kualikwa. Sasa ni katikati ya Agosti. Wazee wengi wanataka vigae, dari ya jipsamu na vyombo vipya vya muziki viwe tayari siku hiyo, kwa kuwa wageni watatoka mbali na ni aibu kuwapokea kwenye zege tupu. Kina mama wa kwaya wanasema vyoo kwanza. Mimi wasiwasi wangu ni paa. Ramani iliyopata kibali cha manispaa ilikuwa ya upana wa mita 12. Tulipofika kwenye msingi tuliongeza hadi 15 ili watu 700 waenee. Fundi wetu mkuu ni mzee wa kanisa, amejenga nyumba nyingi hapa mjini, na anasema kenchi ziko imara. Nikigusia kumwita mhandisi naonekana namdharau.

La mwisho: hati ya kiwanja bado ina jina la mzee aliyetupatia. Yupo hai, ila umri umekwenda.

Tuanze na lipi, na tarehe ya Desemba tuishike au tuiachie?

Katibu, Tabora

*

Ndugu Katibu, Amina, asifiwe.

Wasiwasi wako juu ya paa ni wa kweli, na ndio unaopaswa kupanga matumizi ya hizo milioni 38. Kila kitu kingine mlichokitaja kinaweza kufanywa mwezi mwingine au mwaka mwingine bila kubomoa kitu. Paa haliko hivyo, na jamvi pia haliko hivyo, kwa sababu tutakayoieleza hapa chini.

Tuanze na hizo mita tatu mlizoongeza. Kenchi ya mita 12 na ya mita 15 hazitofautiani kwa robo tu. Upana ukiongezeka, kenchi inabeba bati zaidi na papi (mbao zinazopigiliwa bati) zaidi, na wakati huohuo mzigo unazidi kuwa mbali na ukuta unaoushikilia, kwa hiyo kimo cha kenchi kisipoongezwa nacho, nguvu inayovuta mbao ya chini ya kenchi inakua upesi kuliko upana wenyewe. Mbao ile ya chini ndiyo inayozuia miguu ya kenchi isiteleze kwenda nje. Ikilegea, kenchi inatanuka na kusukuma kuta. Fundi wa nyumba za kuishi amezoea vyumba vya mita 4 au 5 vyenye kuta za ndani zinazosaidia kubeba paa. Ukumbi wenu hauna ukuta wa ndani hata mmoja. Uzoefu wa mzee wenu ni wa heshima, lakini ni wa kazi ya aina nyingine.

Mbao nyingi za madukani zina futi 12, yaani mita 3.66. Kuvuka mita 15 kunahitaji vipande vitano na viungo vinne kwenye mbao moja ya chini. Hapo ndipo kenchi pana huvunjikia. Pandeni juu na kamera ya simu, kenchi moja baada ya nyingine, mpige picha kila kiungo. Kiungo kinachoaminika kina kipande cha mbao kila upande, kirefu, tuseme sentimita 90 au zaidi, kilichofungwa kwa bolti za mm 12 zenye washa pana. Idadi ya bolti ataisema mhandisi. Mkikuta misumari mitupu, au viungo vyote vimepangana katikati ya ukumbi, au mbao imepasuka pale msumari ulipoingia, msiezeke. Mbao mbichi nayo ina shida yake: ikikauka inajikunja na misumari inalegea, na jua la Septemba na Oktoba hapa kwenu hukausha haraka sana.

Kipimo kingine hakihitaji hela. Fungeni uzi wa uashi kutoka mguu mmoja wa kenchi hadi mwingine, uvutwe barabara, kisha mpime kutoka kwenye uzi hadi mbao ya chini pale katikati. Andikeni namba ya kila kenchi na tarehe. Rudieni baada ya wiki mbili. Kenchi inayoshuka kabla hata ya kubeba bati inawaambia kitu.

Angalieni pia vitu vitatu ambavyo mafundi huviruka mara nyingi. Cha kwanza ni mbao za mshazari zinazounganisha kenchi na kenchi. Bila hizo, kenchi zote zinaweza kulala upande mmoja kwa pamoja, upepo ukisukuma kutoka mbele ya jengo. Cha pili ni namna paa lilivyofungwa kwenye mkanda. Je, zilibakizwa nondo zilizochomoza kwenye zege na kukunjwa juu ya ile mbao inayolala ukutani, au mbao imewekwa tu na kupigiliwa? Waya wa kufungia nondo hautoshi, kwani hupata kutu na kukatika. Kama nondo hazikubakizwa, mkanda unaweza kutobolewa na kufungwa bolti za kutanukia au vyuma bapa, ila kazi hiyo ifanyike sasa wakati mnaona. Cha tatu ni ile pembetatu ya tofali mbele na nyuma ya jengo. Kwa upana wa mita 15 ni ukuta mrefu uliosimama peke yake, na pepo za mwanzo wa mvua huuangusha kirahisi, mara nyingi ukielekea ndani walipo watu. Unahitaji nguzo za zege na mkanda wa mteremko juu yake, kisha ushikwe na papi.

Tukija kwenye geji: namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, kwa hiyo geji 30 ni jembamba kuliko 28. Haliharibu kitu mkiweka papi karibu, zisizidi sentimita 90, na ukingoni mwa paa na kwenye kofia, yaani kileleni, zibane zaidi. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe isipigwe kwenye bonde. Ukingoni ipigwe kila mgongo, kwa sababu upepo huanza kufunua pale. Bati likichomoza nje ya ukuta zaidi ya sentimita 60, upepo unapata pa kushika.

Halafu msiezeke mkaacha milango na madirisha wazi hadi Novemba. Upepo ukiingia kwenye jengo lenye matundu makubwa upande mmoja hujaa ndani na kusukuma paa kutoka chini, na wakati huohuo upepo wa nje unalivuta kutoka juu. Nguvu hizo mbili zikikutana, hata paa lililofungwa vizuri linaweza kuondoka. Fremu na shata zikichelewa, zibeni matundu ya upande unaotoka upepo kwa mbao za mirunda na mabati yaliyobaki.

Sasa jipsamu. Bodi ya mm 9 ina kilo 7 hivi kwa mita moja ya mraba. Sakafu yenu ni mita za mraba 360. Hiyo ni tani mbili na nusu, kabla ya kuhesabu mbao za kuibebea, na zote zitaning'inia kwenye ile mbao ya chini tunayoitilia shaka. Bati lenu lenyewe ni jepesi kuliko hapo. Wasomeeni wazee hesabu hii kwenye kikao, polepole. Dari lina faida, hatukatai: mvua ya Tabora ikipiga bati mhubiri hasikiki, na mchana wa Oktoba joto la bati tupu linachosha. Mwambieni mhandisi aweke uzito wa dari kwenye hesabu zake tangu sasa, ili mkipata fedha baadaye mpandishe bila hofu.

Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na aje kabla hamjamwaga jamvi. Hapa ndipo jamvi linapoingia. Akisema kenchi hazitoshi, dawa ya bei nafuu huwa ni kuweka safu mbili za nguzo ndani ili kupunguza upana. Nguzo zinahitaji misingi yake, na misingi inachimbwa ardhini. Jamvi likishamwagwa, mtalipasua. Nguzo zitawaziba watu wachache wasione madhabahu vizuri. Ni gharama tunayoweza kuwashauri muikubali bila kusita. Njia nyingine ni kenchi za chuma. Ni nzuri, ila huenda zikala sehemu kubwa ya akiba yenu.

Kuhusu heshima ya mzee fundi: msimjadili kikaoni. Mchungaji na wewe mwendeeni nyumbani, mmwambie ukweli ulivyo. Kibali mlichonacho ni cha mita 12. Manispaa ikija kukagua itakuta jengo ambalo halina ramani, na ramani mpya ya mita 15 ni lazima iwe na mahesabu na muhuri wa mhandisi. Mwombeni yeye ndiye amtembeze mhandisi na kumweleza kila kiungo alivyokifunga. Suala la kibali ni la kweli na ni lenu kama kamati, maana mlioongeza upana ni ninyi. Mzigo huo msimtwishe fundi.

Tumeona pia hesabu ya watu 700. Tumejaribu kuwakalisha. Benchi la mita 5 linakalisha watu 10, kila mmoja sentimita 50. Wekeni mabenchi mawili kwa safu, njia ya kati ya mita 1.8, na njia za pembeni za mita 1.2 kila upande; upana wenu umekwisha. Kwa urefu, toeni mita 5 za madhabahu na kwaya na mita 2 za nyuma mlangoni, zinabaki 17. Kutoka benchi hadi benchi ni sentimita 90, ili magoti yapite na mtu aweze kupiga magoti. Mnapata safu 18, watu 360. Ongezeni wanakwaya 40 mbele, jumla 400.

Leo mna watu wazima 420. Mkihamia na kuunganisha ibada kuwa moja, jengo limejaa siku ya kwanza, na mgeni atakayefika Jumapili ya pili atakosa pa kukaa. Ingieni na ibada mbili zilezile. Watoto wabaki jengo la zamani, lisivunjwe wala kugeuzwa stoo ya saruji. Na msijaribu kufikia 700 kwa kuziba njia za pembeni kwa viti vya plastiki. Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkusanyiko wa maombi, tena uwanjani, pasipo paa wala moto. Njia ikiwa finyu, msukumo wa watu wenyewe unatosha kuua.

Ndiyo maana milango iwe mitatu: mkubwa wa mbele mita 1.8, na miwili ya pembeni mita 1.2 kila mmoja, mmoja kila upande wa jengo, karibu na madhabahu. Yote ifunguke kwenda nje. Mlango unaofunguka kwa ndani hubanwa na watu walewale wanaotaka kutoka. Madirisha yenu bila shaka yatawekwa nondo za kuzuia wezi, kwa hiyo milango ndiyo njia pekee, na wakati wa ibada au mkesha kufuli lisiwe mahali pake hata kwa mlango mmoja. Nje ya kila mlango kuwe na kibaraza kipana kuliko mlango wenyewe kabla ya ngazi. Weka mteremko kwa wazee na wenye viti vya magurudumu: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Sakafu ikiwa juu sentimita 45, mteremko ni mita 5.4. Pelekeni ramani hiyo kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mkoani, wawape maoni yao kwa maandishi.

Jamvi lenyewe, mhandisi akisharuhusu. Pigeni dawa ya mchwa kwenye moramu na kando ya kuta zote kabla ya nailoni. Tabora hatuhitaji kuwaeleza mchwa wanavyopanda hadi kwenye kenchi. Pitisheni mabomba ya umeme. Tandikeni nailoni nzito, zipishane sentimita 30. Zege la saruji 1, mchanga 3, kokoto 6, unene sentimita 10, linakuwa mita za ujazo 36, takriban mifuko 160 ya kilo 50. Ongezeni michache ya akiba. Mwageni kwa vipande vya mita 3 hadi 4, kimoja mkiruke kimoja, ili nyufa zifuate mistari mliyoichagua. Kisha funikeni magunia na kuyalowesha siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni, hata Jumapili. Zege la Oktoba lisilomwagiwa maji hutoa vumbi miaka yote, na vigae mtakavyokuja kuviweka juu yake vitabanduka. Wageni kukanyaga sakafu ya zege iliyosuguliwa vizuri si aibu hata kidogo.

Kina mama wa kwaya wana haki. Watu 400 wakikaa ibada ya saa tatu bila choo, wanaoacha kuja ni wajawazito, wazee na wenye watoto wadogo. Anzeni na matundu manne ya wanawake, mawili ya wanaume pamoja na sehemu ya kukojolea, na kimoja kipana chenye vyuma vya kushikilia. Shimo likae mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, chenu au cha jirani. Maji mnayo juu ya kichwa: mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 360, hata mkipoteza sehemu ya tano, ni lita 5,760. Simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua moja nzuri. Maji ya dakika za mwanzo yamwagwe, yana vumbi na kinyesi cha ndege.

Umeme ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na TANESCO wakague kabla ya kuwasha. Taa ziwe na njia zake, soketi njia zake, na vyombo vya muziki njia yake peke yake yenye breka yake. Fimbo ya ethi ichimbiwe ardhini kweli, na kifaa cha kukata umeme unapovuja kisikosekane, maana mpiga gitaa aliyeshika nyuzi huku mdomo ukiwa kwenye maiki ya chuma ndiye wa kwanza kupigwa shoti. Jenereta iunganishwe kwa swichi ya kubadilisha. Msiichomeke kamwe kwenye soketi ya ukutani: umeme utarudi kwenye nguzo na kumkuta fundi wa TANESCO aliyepanda akijua laini imezimwa. Radi za Novemba mnazijua. Paa la bati lililoinuka kuliko majirani liwekewe kinga yake, na waya wake ushuke nje ya ukuta hadi kwenye fimbo yake.

Vyombo vipya vya muziki msinunue sasa. Jengo tupu lenye plasta na zege hurudisha sauti, na mtu akisikia mwangwi hukimbilia kuongeza sauti, jambo linalozidisha mwangwi. Vigae na jipsamu navyo hurudisha sauti, kwa hiyo havitawaponya. Hamieni na spika mlizonazo, zielekezwe kwenye masikio ya watu na zisielekee ukuta wa nyuma, zikae mbele ya maiki ili zisipige mluzi. Tundikeni mapazia mazito ukuta wa nyuma. Baada ya miezi mitatu mtajua mnachokosa, na majirani watakuwa wamewaambia kama sauti inawafikia.

Hati msiicheleweshe. Mzee angali anaweza kwenda kwa wakili na kutia saini mwenyewe, jambo ambalo baadaye litahitaji msimamizi wa mirathi na ridhaa ya warithi wote. Mkewe naye atie saini ya kuridhia. Kiwanja kihamishiwe kwa bodi ya wadhamini ya kanisa iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), kisiende kwa jina la mchungaji wala la mwenyekiti wa kamati. Hapohapo ofisi ya ardhi ya manispaa iwaambie kama matumizi ya kiwanja ni ya ibada au makazi. Kama ni makazi, ombeni yabadilishwe pamoja na ramani mpya.

Kuhusu fedha, pangeni kwa milioni 38 tu. Ahadi zinazongoja tumbaku au asali ziuzwe zihesabiwe zikishaingia benki. Mhandisi na marekebisho ya kenchi, kuezeka, milango na madirisha, jamvi, vyoo, umeme: zikiisha hapo, mmeweza kuhamia. Rangi ingoje mwezi mzima baada ya plasta, la sivyo itabanduka kwa unyevu.

Na tarehe: kuhamia na kuweka wakfu ni vitu viwili, vitenganisheni. Paa likiwa limekaguliwa na kufungwa kabla Oktoba haijaisha, huenda mkaanza kusalia humo Desemba bila sherehe. Kuwekwa wakfu kusogezwe hadi Juni au Julai, mvua zikiwa zimekatika na barabara za wageni zikipitika. Wageni waandikiwe barua wiki hii, isainiwe na mchungaji, ikisema wazi kwamba jengo linasubiri ukaguzi wa mhandisi. Jibu la mhandisi likitoka, tuleteeni vipimo vyake na picha za vile viungo vinne, tuangalie pamoja kama nguzo za ndani zinahitajika.